Nyuma ya Ratiba za Ibada

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe 14 Novemba 1989, kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana, katika nyumba moja ya ghorofa mbili kando ya Georgia Avenue, Washington. Carlisle Pridgen alikuwa amekufa Jumapili. Kifo chenyewe Hosea Tillery alikuwa amekingoja miezi kumi na minne, akakipokea kama mtu apokeavyo mgeni aliyetuma salamu mapema. La Jumanne alilifanya kwa mikono yake mwenyewe, na hajapata wa kumtupia.

Kutupa lawama si kazi ngeni kwake. Ana orodha. Kuna hospitali, ambako sinia la chakula liliachwa sakafuni nje ya mlango kana kwamba ndani kuna mbwa mkali. Kuna watu wa idara ya afya waliompa namba asubiri, na Carlisle alipofukiwa namba ilikuwa bado haijaitwa. Kuna wakubwa wa serikali, ambao jumba lao jeupe unaliona ukipanda basi dakika ishirini tu. Walikaa miaka mingapi na jina la ugonjwa limewakwama kooni? Kuna mchungaji, aliyekula mikate ya mahindi ya Hosea kwa miaka tisa kisha akasimama mimbarini kusema marehemu aliondolewa na "maradhi ya muda mrefu." Hosea aliishia darasa la sita huko kusini, jimbo la Georgia, akatolewa shuleni kwenda kuvuna karanga, na hilo nalo lina wakubwa wake. Ila Jumanne ile hakuwepo mkubwa yeyote. Alikuwepo yeye, Leotis, na utepe wa zambarau.

Wakati ule wanaume kama wao, wapenzi wa wanaume, walikuwa wanakufa wengi, na wao wenyewe walikuwa na desturi yao. Mmoja akishakata roho na ndugu zake wakiwa njiani kutoka kusini kuja kumchukua, marafiki huwatangulia hao ndugu nyumbani kwake. Leotis, msusi wa U Street ambaye wote walimwita Shangazi, kazi hiyo aliiita kuipeleka nyumba kanisani. Unaondoa magazeti yenye picha. Unaondoa vitabu ambavyo jalada tu linasema. Unaondoa picha za ufukweni, za sherehe, na yoyote ambayo mkono wa mtu umetulia begani kwa mwenzake kama uliozaliwa pale. Mto wa pili, mswaki wa pili, viatu vya namba nyingine. Mama akiingia, akute nyumba ya mwanawe mseja, mcha Mungu, aliyepatwa na saratani.

Leotis alikuwa ameifanya kazi hiyo mara kumi na moja, tisa kati ya hizo mwaka huohuo mmoja. Alikuja na aproni yake ya saluni na maboksi ya ndizi aliyoomba dukani. Alimwambia Hosea aketi, naye Hosea hakuketi. Basi akampa kazi.

"Shoga, mimi natoa, wewe unapamba," Leotis alisema. "Mama lazima akute kitu cha kumfariji. Ukiacha rafu tupu atajua tumemwibia mwanawe."

Kufikia saa nne Hosea mwenyewe alikuwa ameshatolewa. Miaka kumi na miwili alilala upande wa dirisha. Sasa nguo zake zilining'inia katika chumba kidogo cha nyuma, juu ya kitanda cha kukunja, na akaambiwa akiulizwa yeye ni mpangaji. Hakubisha. Alianza kupamba. Aliweka Biblia mezani. Aliweka picha ya Carlisle katika joho la kwaya. Kisha akakumbuka zile ratiba za ibada.

Carlisle alikuwa kiongozi wa kwaya katika kanisa la Baptisti lililokuwa mitaa mitatu kutoka hapo, na kila Jumapili alirudi na ratiba ya ibada mfukoni: karatasi iliyokunjwa katikati, mbele picha ya kanisa, ndani nyimbo na matangazo, nyuma peupe. Hakuitupa hata moja. Zilijaa boksi la kofia. Nyuma ya nyingi palikuwa na mwandiko wa kalamu ya risasi, na Hosea aliuona mwandiko huo siku zote bila kuujali, maana Carlisle alikuwa mtu wa kuandika maagizo popote: sauti ya kwanza waingie taratibu, besi waache kulala. Hosea alisoma herufi moja moja, kama mtu avukaye mto kwa mawe, na kwa mwandiko wa mkono mawe yenyewe yalikuwa chini ya maji. Hiyo ilikuwa siri ya nyumba. Carlisle alimsomea barua, bili, magazeti na mashairi yake, wala hakuwahi kumfedhehesha mbele ya mtu.

Kwa hiyo Hosea alizipanga ratiba zile kwa unadhifu wa mpiga pasi wa dobi, kingo kwa kingo, akazifunga utepe wa zambarau uliotoka kwenye joho kuukuu, akaziweka katikati ya meza ya sebuleni. Leotis alipopita akazitazama, akasema hapo sasa, mama wa Kibaptisti atapiga magoti.

Bi Odessa Pridgen aliwasili saa saba na nusu na kaka yake aliyeendesha gari. Alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa glovu. Alizunguka vyumba bila kugusa kitu, akafika mezani, akavua glovu moja, akaupitisha utepe kati ya vidole viwili. Akauliza mwanawe alikuwa akiziweka zote hizi? Hosea, mpangaji, akajibu ndiyo, mama. Basi alizichukua. Alichukua mwili, Biblia, picha ya joho na boksi la kofia, akarudi navyo Rocky Mount, North Carolina. Kule mazishini Hosea alikaa benchi la mwisho pamoja na madereva.

Hakujua alichokifanya mpaka Januari.

Walikuwa na duara lao la Jumanne. Wanaume wanane, siku nyingine kumi na wawili, walikutana kwa Delano Upshur, mwalimu wa chuo mwenye sauti ya redio na nyumba yenye vitabu hadi chooni, wakasomeana walichoandika. Wote weusi, wote wapenzi wa wanaume, na wote walikuwa wamechoka kuvisoma vitabu vya watu wengine wakijitafuta humo kama mtu atafutaye funguo katika koti la jirani. Hosea hakuwa wa duara. Alipika, akakaa jikoni kwa Delano, akasikiliza kupitia mlango. Carlisle aliposoma, Hosea alizima jiko ili mafuta yasipige kelele.

Sasa Delano alikuwa anatengeneza kitabu. Kitabu chao wenyewe, cha kwanza kwao, cha waandishi ishirini na watatu ambao sita kati yao walikuwa tayari wako ardhini. Mchapaji alitaka kila kitu kiwe mezani kwake Ijumaa, tarehe 2 Machi. Delano alimwita Hosea, akamkalisha sebuleni badala ya jikoni, akamwambia anataka sehemu nzima iwe ya Carlisle. Yale mashairi tisa ya zamani anayo, yamepigwa taipu. Anayataka yale ya kiangazi kilichopita, ambayo Carlisle aliyasoma akiwa amebaki mifupa na macho.

Hosea alisema yatakuwa kwenye lile faili la Carlisle la karatasi za taipu. Delano akasema ameshalikagua, hayamo. Ndipo Leotis, aliyekuwa akijipepea kochini, aliposimamisha mkono hewani.

"Alikuwa anayasoma kutoka kwenye karatasi za kanisa," alisema polepole. "Nilidhani ni mbwembwe zake. Anajifunika uso kama bibi yuko ibadani. Delano, alikuwa anazigeuza. Alikuwa anasoma mgongoni."

Hakuna aliyemlaumu Hosea. Leotis alisema yeye pia alizitazama, na yeye anajua kusoma. Hapo alikuwa ameligusa ambalo duara zima lilikuwa likijua na kulizunguka kwa heshima. Hosea aliangalia viatu vyake. Basi walijua. Miaka yote ile ya kushika menyu hotelini na kusema nitakula kama yeye, walijua.

Delano alimwomba ayaseme anayoyakumbuka. Alikumbuka mengi, mwanzo wa hili, kiuno cha lile, lakini yakitoka mdomoni mwake yalikuwa kama shati lililopigwa pasi bila maji: umbo lipo, makunyanzi yapo. Delano aliandika kurasa mbili kisha akaweka kalamu chini. Akasema hawawezi kuweka makisio chini ya jina la Carlisle, kwa maana jina hilo Carlisle alilipigania. Wengine katika kitabu walitumia majina ya kubuni, wana kazi, wana wake, wana mama. Carlisle alikataa. Mwezi Agosti, akiwa kitandani, alimwambia Delano maneno ambayo Hosea pia aliyasikia akiwa amesimama na bakuli la supu: miaka ishirini nimeimba kanisani nikiwa nusu mtu. Kitabuni niandikeni mzima. Carlisle Josiah Pridgen, na hiyo Josiah msiisahau. Wote wawili walimjibu ndiyo.

Delano alitaka kumwandikia mama barua. Leotis akasema ukimwandikia mama wa Kibaptisti barua, umemwandikia mchungaji wake. Lazima aende mtu. Wakatazamana. Hosea akasema atakwenda yeye, ndiye aliyefunga utepe.

Kila wiki, kwa wiki nne, akaomba ruhusa kazini. Msimamizi, kijana ambaye hajawahi kushika pasi ya mvuke maishani mwake, alimwambia ruhusa ya msiba ni ya mke au ndugu. Hosea alimaliza mashati arobaini ya siku ile, akatundika aproni, na Jumamosi ya mwisho ya Februari akapanda basi la kusini bila ruhusa ya mtu.

Bi Odessa hakushangaa kumwona. Alimfungulia mlango wa jikoni, akamwambia apanguse miguu, akamwekea sahani kabla ya kumuuliza lililomleta, kama ilivyo ada ya kule: sukuma wiki iliyochemshwa na shingo ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi, mkate wa mahindi, viazi vitamu. Alikula. Alimsifu mpishi, naye mpishi akasema chumvi ilizidi. Waliongea kuhusu mvua. Boksi la ratiba lilikuwa juu ya kabati la vyombo, utepe wa zambarau umelizunguka, umefungwa upya, kwa fundo lisilokuwa lake.

Alipomaliza kula, Bi Odessa aliondoa sahani, akapangusa meza, akaliteremsha boksi, akafungua utepe, akaliweka kati yao.

"Nadhani umekuja kwa ajili ya hizi."

"Ndiyo, mama."

"Chagua moja. Nisomee."

Hosea alichukua ya juu. Akaigeuza. Mwandiko ulikuwa ule ule alioukuta mezani kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili, unaolalia kulia kama watu wanaotembea kwenye upepo. Akauinamia. Akasema kwamba miwani ameisahau kwenye basi.

"Bwana Tillery," alisema Bi Odessa, "nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minane. Mtu aliyesahau miwani namjua, na mtu ambaye hajawahi kuwa nayo namjua. Lete."

Hakusema kwa ukali. Aliichukua karatasi, akavaa miwani yake, akaisoma kwa sauti ya darasani, kila neno likipewa nafasi yake ya kusimama.

*Mtu wangu ana mvuke viganjani.
Jioni huninyoosha siku yangu,
kola kwanza, kisha mabega,
kisha mahali ambapo dunia imenikunja,
mpaka nikumbuke
kwamba nilikatwa katika kitambaa kimoja.*

Hosea alikuwa amelisikia shairi hilo mara mbili, nyumbani, na mara moja kupitia mlango wa jikoni. Kulisikia kwa kinywa cha mama yake Carlisle lilikuwa jambo jingine kabisa. Alikuwa na namna ileile ya mwanawe ya kumalizia sentensi, akishuka chini kidogo mwishoni kama mtu anayeketi. Hosea hakulia. Alishika kingo za meza.

"Unafanya kazi gani wewe?" Bi Odessa aliuliza.

"Napiga pasi, mama. Kwa dobi."

"Nilidhani hivyo." Aliiweka karatasi chini, uso juu, na kuilainisha. "Nilizifungua usiku baada ya kumzika. Nilitaka kuona wimbo wa Jumapili yake ya mwisho. Nimezisoma zote, mia mbili na kumi na saba. Zenye mashairi ni thelathini na nne. Kuna moja kuhusu baba yake ambayo sitaisoma tena. Kuna moja kuhusu mimi ambayo naisoma kila siku. Nyingine zote ni wewe. Nikakumbuka yule mpangaji aliyekuwa akinijibu ndiyo mama, ndiyo mama, na mikono yake ina alama za moto."

Hosea aliitazama mikono yake, akaitoa mezani, akairudisha.

"Kwa nini hakukufundisha kusoma?" aliuliza Bi Odessa. Hilo ndilo lililoonekana kumuudhi hasa. "Nilimlea vizuri kuliko hivyo."

"Alijaribu, mama. Mimi ndiye niliyekuwa narudi nimechoka. Nikamwambia bora anisomee."

"Alikudekeza."

"Ndiyo, mama."

Akamweleza kuhusu kitabu. Hakuficha ni kitabu gani, kwa sababu mbele ya mwanamke yule hakuona pa kufichia. Akamwambia kuhusu Delano, kuhusu ishirini na watatu, kuhusu tarehe mbili Machi. Bi Odessa alisikiliza huku akikunja na kukunjua kidole kimoja cha glovu yake iliyokuwa mezani. Nje lori la tumbaku lilipita, vyombo vikalia kabatini. Aliuliza kama watu watakinunua. Hosea alisema hajui, lakini watakaokinunua watakilalia chini ya mto. Aliuliza kama kuna mambo machafu. Hosea akafikiri, akasema yapo kidogo, ila si ya Carlisle. Kwa mara ya kwanza mama yule alikaribia kucheka.

Kisha akasema alilolisema. Kwamba mashairi ni yao, awape waliokuwa wakimsikiliza Carlisle, maana yeye mama yake hakumsikiliza. Lakini jina ni jambo lingine. Josiah Pridgen alikuwa mume wake, shemasi miaka thelathini, na jina lake limechorwa kwenye dirisha la kanisa analosali kila Jumapili, benchi la pili. Yeye ana umri wa miaka sabini na mitatu. Dada zake wamekufa, mwanawe amekufa, amebaki na benchi hilo. Wakimwondoa hapo atakwenda kukaa wapi?

"Chukua karatasi zote," alisema. "Ila jina lake usiliweke. Umenisikia, mwanangu?"

Hosea alilelewa na bibi na shangazi wawili, katika nyumba ambamo swali la namna hiyo kutoka kwa mama mtu mzima, jikoni mwake, baada ya kula chakula chake, lina jibu moja tu. Ukichelewa kulitoa, unatumwa nje ukakate fimbo yako mwenyewe. Jibu hilo halipiti kichwani. Linatoka kama kope zinavyofumba vumbi likija.

"Ndiyo, mama," alisema Hosea.

Alikuwa ameshafika kituo cha basi, boksi mapajani, alipolisikia alilolisema.

Jumanne, tarehe 27, duara lilikuwa dogo. Baridi ilikuwa kali na wawili walikuwa hospitalini. Walipanga ratiba thelathini na nne juu ya zulia la Delano, migongo juu, na Leotis alipita katikati yake akiwa amevua viatu. Delano alisoma moja baada ya nyingine, akipiga taipu, na Hosea alikaa sebuleni safari hii, kwenye kiti chenye mikono. Hapakuwa na aliyepika. Lilipofika lile la mvuke viganjani, Leotis alimgeukia akasema mwali, kumbe ulikuwa unanyoosha vizuri katika nyumba ile na hukutuambia, nasi tunadhani ni mashati. Wakacheka wote, hata Hosea. Ndipo akawaambia sharti la Bi Odessa, na jibu lake.

Delano aliondoa mikono kwenye mashine. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya redio lakini imeshushwa, kwamba kama ni hivyo basi wanampeleka Carlisle kanisani tena. Wanaondoa mto wa pili tena. Alisema anamheshimu mama, anaheshimu ahadi, lakini ahadi ya kwanza alipewa mtu aliyekuwa anakufa, na bakuli la supu lilikuwa mikononi mwa nani?

Leotis hakukubali. Aliketi juu ya zulia, kati ya ratiba, akakunja miguu kama msichana. Alisema yeye ameziondoa picha katika nyumba kumi na mbili, na anajua wanavyosema vijana, kwamba ni woga. Sawa, na uwe woga. Lakini ameona sura za wale mama mlangoni. Marehemu hasengenywi benchini Jumapili. Anayesengenywa ni aliye hai. Mama amewapa mashairi thelathini na manne ambayo angeweza kuyachoma jikoni kwake na asiulizwe na mtu, kama mama wengine walivyofanya, na wao wanawajua kwa majina. Alichobakiza ni kimoja.

"Basi tumpigie simu," akasema Leotis. "Hosea amwombe vizuri."

"Nikimpigia atasema vilevile," alijibu Hosea, "na mimi nitajibu vilevile. Unanijua."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Delano alisema jina alilochagua mtu ni lake, hata kama alipewa na baba. Leotis akasema huyo baba ana dirisha, na dirisha lina mjane chini yake. Mmoja akataja herufi za mwanzo tu, C.J.P., mwingine akamjibu hiyo ni nusu mtu hasa, na nusu ndiyo aliyoikataa. Hosea aliwasikiliza kama alivyowasikiliza kupitia mlango kwa miaka mingi. Alifikiria kwamba haya yote yasingekuwa kazi yao. Kama wale wa jumba jeupe wangetikisa kidole mapema, kama hospitali ingekuwa hospitali, Carlisle angekuwa amekaa hapo kwenye kochi, na swali angelijibu mwenyewe kwa neno moja la kejeli, kisha angeomba sukari. Wakubwa walipoua watu, hawakuwaua tu. Waliwaachia wapiga pasi kazi ya kuwasemea. Alilisema hilo kwa sauti. Hakuna aliyelipinga, na halikusaidia kitu.

"Sisi tunapiga kelele bure," Delano alisema mwishowe. "Hapa mgane ni mmoja."

Hosea aliinua kichwa. Tangu Novemba alikuwa ameitwa mpangaji, rafiki wa familia, bwana wa chumba cha nyuma. Neno hilo halikuwa limewahi kutua juu yake. Lilikuwa na uzito wa koti la sufu lililolowa, na alitambua kwamba pamoja na koti amekabidhiwa pia mfuko wake: uamuzi ulikuwa humo.

Alisimama, akavuka ratiba kwa uangalifu asikanyage hata moja, akaenda kusimama nyuma ya Delano. Katika karatasi iliyokuwa kwenye taipu palikuwa na kichwa cha sehemu ya Carlisle, kwa herufi kubwa, na Hosea alikisoma mwenyewe, jiwe kwa jiwe, midomo ikicheza. Chini yake palikuwa peupe, nafasi ya mstari mmoja. Akilini alimwona Bi Odessa na miwani yake, kidole juu ya karatasi. Alimwona Carlisle wa Agosti, shingo imeinuka kwa shida kutoka kwenye mto wa kitanda, akisema hiyo Josiah msiisahau. Wote wawili walikuwa wamemtazama machoni, na wote wawili alikuwa amewaambia ndiyo.

Mchapaji alikuwa amewabakizia siku tatu. Leotis, kule chini, alianza kuziokota ratiba moja moja akizipanga kingo kwa kingo. Delano aliweka vidole vyake juu ya vitufe, akangoja, kisha akauliza bila kugeuka:

"Haya, Hosea. Hapa niandike nani?"